Marekani imefuta fomu ya klozapini, haijafuta kipimo cha damu

Februari 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba haiwadai tena madaktari, wafamasia na wagonjwa kushiriki katika mfumo wa lazima uliokuwa ukisimamia utoaji wa klozapini, dawa ya ugonjwa mkali wa akili uitwao skizofrenia. Juni mwaka huohuo mfumo wenyewe ukafutwa rasmi. Kwa zaidi ya miongo mitatu kanuni ya dawa hii ilikuwa fupi kama amri ya jeshini: hakuna damu, hakuna dawa. Haishangazi basi kwamba habari hii inasomwa vibaya, na inasomwa vibaya kwa namna mbili. Wapo wanaodhani kipimo cha damu sasa ni hiari, kwamba hofu yote ya nusu karne ilikuwa kelele tu. Wapo wanaosema hayo ni ya Marekani kwenye maabara kila kona, sisi tuendelee kuiacha klozapini kabatini. Wote wamekosea. Kilichofutwa ni fomu. Kipimo kimebaki palepale. Na kwa mgonjwa wa Afrika Mashariki jambo zito liko kwingine kabisa: viwango vya damu tulivyoazima Ulaya vinaweza kumnyima dawa mtu asiye na tatizo lolote, huku vinavyoua kimyakimya ni vitu ambavyo kipimo hicho cha ratiba peke yake hakivioni, yaani choo kilichofunga, homa iliyopewa dawa mseto ya malaria bila kuchunguzwa, na sigara iliyoachwa ghafla.

Kwanza tuitambue dawa yenyewe. Klozapini ni dawa ya skizofrenia iliyokaidi dawa nyingine. Takriban theluthi moja ya wenye skizofrenia hawapati nafuu ya maana hata wakitumia dawa mbili tofauti, kila moja kwa dozi ya kutosha na kwa muda usiopungua wiki sita. Kwao haloperidoli haitoshi, klopromazini haitoshi, na kuongeza sindano ya Modecate juu yake ni kuongeza uzito wa ulimi na mtetemo wa mikono bila kuzima sauti wanazozisikia. Mwaka 1988 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowachukua wagonjwa 268 wa aina hiyo: baada ya wiki sita, asilimia 30 ya waliopewa klozapini walipata nafuu, dhidi ya asilimia 4 ya waliopewa klopromazini. Utafiti huo ndio uliofufua dawa iliyokuwa karibu kuzikwa. Ilikuwa imetengenezwa Uswisi mwishoni mwa miaka ya 1950, ikaanza kuuzwa Ulaya miaka ya 1970, kisha mwaka 1975 nchini Ufini wagonjwa kadhaa wakaishiwa ghafla na chembe nyeupe za damu zinazopambana na bakteria, ziitwazo neutrofili. Wanane walifariki kwa maambukizi. Nchi nyingi zikaiondoa sokoni, na iliporudi, Marekani ikiiidhinisha mwaka 1989, ilirudi na pingu yake: kipimo cha damu kila wiki.

Inafaa kujua mfumo uliofutwa ulifanya nini, maana hapo ndipo kutoelewana kunapoanzia. Daktari alijisajili, duka la dawa likajisajili, mgonjwa akasajiliwa, na idadi ya neutrofili ikaingizwa katika kanzidata ya pamoja. Mfamasia hakuweza kutoa kidonge kabla kanzidata haijamruhusu. Novemba 2021 mfumo ulipohamishiwa kwenye jukwaa jipya, maduka ya dawa yalikwama, simu hazikupokelewa, na wagonjwa waliokuwa wametulia miaka mingi wakakaribia kukosa dozi kwa sababu ya tovuti. FDA ililazimika kulegeza masharti siku hizohizo. Novemba 2024 kamati ya wataalamu ilipoulizwa kama mfumo huo bado unahitajika ili dawa itumike salama, kura 14 zilisema hapana, moja ikasema ndiyo. Ukisoma taarifa ya FDA utaona bado inapendekeza neutrofili zihesabiwe kwa ratiba ileile iliyoandikwa kwenye maelezo ya dawa: kila wiki kwa miezi sita, kila wiki mbili kwa miezi sita inayofuata, kisha kila mwezi. Kilichoondoka ni mlinzi wa getini, na nyumba bado ina kufuli.

Kwa nini ratiba iwe nzito mwanzoni? Kwa sababu hatari haigawanyiki sawasawa. Kushuka vibaya kwa neutrofili huwapata chini kidogo ya mtu 1 kati ya 100 wanaotumia klozapini, na kesi nyingi hutokea katika wiki 18 za kwanza. Baada ya mwaka hatari hupungua sana. Vifo vinavyotokana nayo, pale ambapo watu wanapimwa, ni takriban 1 kati ya wagonjwa 7,700. Hiyo ni namba ndogo, lakini isisomwe kana kwamba ni sifa ya dawa peke yake. Ni sifa ya dawa pamoja na kipimo. Ufini ya 1975 ilikuwa na dawa ileile bila kipimo.

Sasa tuje kwenye namba zenyewe, kwa kuwa hapa ndipo mgonjwa wa kwetu anapopunjika. Majibu ya FBP, yaani kipimo cha picha kamili ya damu, au hemogramu kama wasemavyo Kenya, hutoa jumla ya chembe nyeupe na asilimia ya neutrofili ndani yake. Zidisha moja kwa nyingine. Chukua kijana mwenye chembe nyeupe 3,600 kwa kila mikrolita, neutrofili asilimia 38: anazo 1,368. Kwa kanuni ya jumla ya Marekani huyu hawezi kuanzishiwa klozapini, maana kiwango cha kuanzia ni 1,500. Kwa kanuni iliyotumika Uingereza kwa miaka mingi yuko kwenye eneo jekundu, na kama alishaanza dawa husimamishwa. Lakini katika maelezo ya dawa ya Marekani kuna jedwali la pili, la watu ambao neutrofili zao huwa chache kwa maumbile: hao wanaweza kuanza wakiwa na 1,000 na kuendelea, na dawa husimamishwa zikishuka chini ya 500. Kwa jedwali hilo kijana wetu ni mzima kabisa. Damu moja, siku moja, hukumu tatu.

Na watu hao wenye neutrofili chache kwa maumbile ni akina nani? Wengi wao ni Waafrika na wenye asili ya Afrika. Chanzo ni kukosekana kwa alama iitwayo Duffy juu ya chembe nyekundu, urithi ulioenea mno kusini mwa Sahara kwa sababu unamkinga mtu dhidi ya aina moja ya malaria, ile ya vivaksi. Neutrofili za mtu wa namna hii zipo na zinafanya kazi. Ni kwamba nyingi hukaa kwenye tishu badala ya kuzunguka kwenye mishipa ambamo sindano inachota. Hapati maambukizi zaidi ya mwingine. Ukimpima kwa rula iliyochongwa kwa mtu wa Helsinki utamkuta mfupi, utamnyima dawa pekee inayoweza kumtoa kwenye sauti, na utaandika kwenye faili kwamba umemlinda. Kwa hiyo daktari wa Dodoma, Mombasa au Kampala anayeanzisha klozapini anahitaji vipimo viwili au vitatu kabla ya kidonge cha kwanza, ili aijue hali ya kawaida ya mgonjwa huyu. Kama namba imetoka chini kidogo asubuhi, arudie mchana, kwa sababu neutrofili hupungua asubuhi na kupanda kadiri siku inavyokwenda. Wagonjwa wameachishwa dawa kwa tofauti ya saa sita.

Kipimo kikishapangwa, linakuja suala la homa, na hapa mazingira yetu yana mtego wake. Mtu akipata joto kijijini au mtaani, akili ya kila mmoja hukimbilia malaria: kipimo cha haraka, dawa mseto, panadoli, nenda nyumbani. Kwa anayetumia klozapini, hasa katika miezi minne ya kwanza, homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, koo linalouma au vidonda vya mdomoni ni amri ya kuhesabu neutrofili siku hiyohiyo, na dozi inayofuata isubiri majibu. Kipimo cha malaria kifanyike, sawa, tena tunaishi kwenye malaria. Ila hata kikitoka chanya hakijibu swali la neutrofili. Anaweza kuwa na vyote viwili. Homa ndogo katika wiki tatu za mwanzo inaweza kuwa kero ya dawa tu na ikapita. Inaweza pia kuwa misuli ya moyo imevimba, tatizo linalojitokeza zaidi katika mwezi wa kwanza, ambalo Australia imeliripoti mara nyingi kuliko kwingine. Mapigo ya moyo kwenda mbio ni kawaida kwa klozapini. Yakiambatana na joto, kifua kuuma au kukosa pumzi, hayo si ya kawaida tena. Ndiyo maana muuguzi anayepima joto na mapigo kila siku katika wiki nne za kwanza anafanya kazi kubwa kuliko mashine nyingi. Panapopatikana kipimo cha troponini, kinachoonyesha misuli ya moyo kuumia, na cha CRP, kinachoonyesha uvimbe mwilini, vifanyike kila wiki kwa wiki hizo nne.

Nimesema kipimo cha damu hakioni kila kitu. Kisichokiona kabisa ni utumbo. Klozapini hulegeza mwendo wa utumbo kiasi ambacho wengi hawakifikirii. Huko New Zealand walipopima muda ambao kitu hutumia kupita utumbo mpana, waliotumia klozapini walichukua wastani wa saa 104, dhidi ya saa 23 hivi za kawaida. Siku nne na zaidi badala ya moja. Tena ukimuuliza mgonjwa kama anapata choo, mara nyingi atakuambia yuko sawa, ama kwa sababu ugonjwa umemfifishia hisia za maumivu, ama kwa aibu, ama kwa kuwa ameshazoea. Ukifika utumbo kuziba au kuoza, hali ni mbaya: katika kesi nzito zilizoripotiwa huko Australia na New Zealand, karibu mmoja kati ya watano alifariki. Januari 2020 FDA iliongeza ukali wa onyo lake kuhusu jambo hili, na onyo hilo halikupata hata robo ya umaarufu wa habari ya kufutwa kwa mfumo.

Tiba yake ni rahisi hadi inaudhi. Dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na klozapini, isisubiri malalamiko: sena au bisakodili ya kusukuma, pamoja na laktulozi au nyingine ya kulainisha. Papai na maji mengi vinasaidia, lakini havitoshi peke yake, na pumba au unga wa nyuzinyuzi huweza kuongeza msongamano kwenye utumbo uliolala. Kisha tazama vidonge vingine kwenye mfuko. Mgonjwa aliyehamishiwa klozapini kutoka haloperidoli mara nyingi bado ana Artane yake, kidonge cha kuzuia misuli isikakamae, kwa mazoea tu. Klozapini kwa nadra sana hukakamaza misuli, kwa hiyo Artane haina kazi tena zaidi ya kufunga choo na kuvuruga kumbukumbu, iondolewe taratibu. Vivyo hivyo amitriptilini na promethazini za kumlaza. Wapo hata wanaompa Artane ili kupunguza mate, kwani klozapini humfanya mtu atokwe na mate usiku mpaka mto ukalowa. Bora taulo juu ya mto na kulala kiubavu kuliko kidonge cha tatu cha kufunga utumbo. Siku mbili au tatu bila choo, tumbo kujaa, kutapika, au kuhara majimaji baada ya siku kadhaa za kufunga, ni safari ya hospitali siku hiyo, si ya kesho. Mwezi wa Ramadhani mgonjwa akifunga mchana kutwa bila maji, jambo hili lizungumzwe naye mapema. Dozi yenyewe inaweza kuwekwa usiku, na mara nyingi sehemu kubwa iko usiku tayari, lakini maji yaliyokosekana mchana yatafutwe kati ya futari na daku.

Kuna jambo jingine ambalo hata wahudumu wazoefu hulipita: moshi. Moshi wa tumbaku, na wa bangi pia, huamsha kimeng'enya cha ini kinachovunja klozapini. Mvutaji huhitaji dozi kubwa. Akilazwa kwenye wodi isiyoruhusu sigara, au akiokoka na kuacha kwa siku moja, ndani ya wiki kiwango cha dawa kwenye damu kinaweza kupanda kwa nusu na zaidi, ilhali anameza vidonge vilevile. Atalala kupita kiasi, atayumba, pengine ataanguka kifafa. Anayesimamia hupunguza dozi hatua kwa hatua katika wiki hiyo ya kwanza, mara nyingi kwa robo hivi. Akitoka wodini akaanza tena kuvuta, mambo yanageuka: dawa inashuka, sauti zinarudi, na familia inaambiwa mgonjwa hakumeza. Kinachofanya kazi hiyo ni moshi, si nikotini, kwa hiyo anayetafuna kuberi hahesabiwi kama mvutaji. Kahawa nayo hufanya kinyume cha sigara, kwani huzuia kimeng'enya hichohicho. Mzee wa baraza la pwani mwenye vikombe kumi kwa siku si sawa na asiyekunywa.

Kisha kuna sipro. Siprofloksasini inauzwa karibu kila duka la dawa, kwa UTI, kwa taifodi ya kudhaniwa, kwa tumbo la kawaida. Huzuia kimeng'enya kile kwa nguvu, kiasi kwamba maelezo ya klozapini yanataka dozi ishushwe hadi theluthi moja wakati wa kuitumia. Mara nyingi ipo antibiotiki nyingine, na muuzaji angeitoa kama angejua. Tegretol ni kesi nyingine: kabamazepini huangusha kiwango cha klozapini na yenyewe hukandamiza uboho, kwa hiyo mgonjwa mwenye kifafa ahamishiwe dawa nyingine kwanza. Valproeti hutumika sana badala yake, ila kwa mwanamke anayeweza kupata mimba ina madhara makubwa kwa mtoto, na hilo lisifichwe. Anayeishi na VVU akiwa kwenye Septrin au zidovudini hazuiwi klozapini, ila dawa hizo nazo zinaweza kupunguza chembe nyeupe, kwa hiyo vipimo vyake vikae karibukaribu. Na Modecate isiendelee pembeni "kwa usalama". Sindano iliyoko kwenye mafuta ya ufuta ndani ya msuli haitolewi. Neutrofili zikianguka, kidonge unakisimamisha leo, sindano itabaki mwilini kwa wiki kadhaa.

Tukirudi kwenye mjadala, upande unaotaka mfumo mkali uendelee una hoja moja nzito. Mazoea yasiyo na mlinzi hufa. "Hakuna damu, hakuna dawa" ilikuwa rahisi kukumbukwa na mtu yeyote aliyeko dirishani, na vifo vilipungua chini ya kanuni hiyo. Naikubali hoja hiyo kuliko wengi wa waliopiga kura zile 14, hasa kwa nchi ambamo faili hupotea na daktari hubadilika kila miezi mitatu. Lakini jibu lake si kanzidata ya taifa itakayozimika na umeme. Ni kadi moja inayokaa kwa mgonjwa, yenye tarehe ya damu ya mwisho, idadi ya neutrofili na tarehe ya damu ijayo, na mfamasia anayeisoma kabla ya kuhesabu vidonge. Upande wa pili, wanaodai kufutwa kwa mfumo kunathibitisha kipimo kilikuwa cha bure, hawana hoja ya kujibiwa kwa kirefu. Waliousoma uamuzi wenyewe wanajua ratiba imebaki.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika sana kwetu: hatuna maabara, kwa hiyo klozapini si dawa ya hapa. FBP ni miongoni mwa vipimo vinavyopatikana zaidi katika hospitali za wilaya. Huduma zilizojenga mtandao wa kusafirisha sampuli za wingi wa virusi vya UKIMWI kutoka zahanati hazishindwi na hesabu ya chembe nyeupe. Tena tazama kile tunachokiita salama kwa sasa: mtu yuko kwenye klopromazini miligramu 600, haloperidoli 20, Modecate kila mwezi na Artane mara tatu, miaka kumi, hajapimwa sukari wala uzito, mdomo unatafuna wenyewe bila chakula, na bado anasikia sauti. Hatari ile haina kanuni wala kadi, ndiyo maana hatuioni. Kikwazo cha kweli ni nauli. Ratiba ya mwaka wa kwanza ni damu 26 kwa nusu ya kwanza na 13 kwa nusu ya pili, jumla 39. Familia ya mashambani haiwezi kwenda mjini mara 39. Inaweza kumpeleka mgonjwa kituo cha afya cha jirani damu ichukuliwe, majibu yapigiwe simu kliniki ya akili, na dawa itolewe hapohapo. Hilo ni suala la mpangilio, na mpangilio wa kifua kikuu umeshatufundisha jinsi ya kuufanya. Shirika la Afya Duniani limeiweka klozapini katika orodha yake ya dawa muhimu, sehemu ya ziada, yaani inayohitaji uangalizi wa kitaalamu. Uangalizi ndio sharti, na hakuna aliyesema lazima uwe wa Kimarekani.

Na kutoitumia nako kuna gharama inayohesabika. Ufini, nchi ileile ya vifo vya 1975, iliwafuatilia wagonjwa 62,250 wa skizofrenia kwa hadi miaka 20. Vifo vilikadiriwa kufikia asilimia 46 katika vipindi bila dawa ya saikosisi, 26 kwa wenye dawa yoyote, na 16 hivi kwa wenye klozapini. Mtu makini atasema wanaopewa klozapini huonwa na wahudumu mara nyingi zaidi, na wanaoivumilia ndio wanaobaki nayo, kwa hiyo pengo lote si kazi ya kidonge. Ni kweli. Hata hivyo dawa iliyodhaniwa muuaji haikupaswa kuonekana upande huo wa jedwali kabisa. Marekani iliiidhinisha mwaka 2002 kwa kupunguza majaribio ya kujiua, kazi ambayo dawa nyingine ya skizofrenia haikuwa imeidhinishwa kuifanya.

Hayo hayamaanishi kila anayekaidi dawa apewe klozapini. Kabla ya kusema dawa mbili zimeshindwa, hakikisha zilimezwa. Njia ya uhakika mara nyingi ni kipindi cha sindano ya muda mrefu. Hakikisha dozi ilifika, maana haloperidoli miligramu 3 kwa wiki mbili si jaribio. Ulizia mirungi na bangi. Pima VVU na kaswende, fikiria kifafa. Baada ya hapo ndipo unaanza: miligramu 12.5 mara moja au mbili siku ya kwanza, kisha kuongeza 25 hadi 50 kwa siku mwili ukivumilia, mpaka 300 hadi 450 mwishoni mwa wiki ya pili. Anayeanzia nyumbani aende polepole zaidi ya hapo. Presha ipimwe akiwa amelala na akiwa amesimama, kwa kuwa kuzimia siku za mwanzo si ajabu. Wanawake na wasiovuta hutosheka na dozi ndogo. Juu ya 600 hatari ya kifafa inapanda waziwazi.

Ugumu mkubwa zaidi wa klozapini kwetu huja baada ya yote hayo kufanikiwa, pale bohari inapoishiwa. Mgonjwa akikosa dawa kwa zaidi ya saa 48, uwezo wa mwili kuihimili unakuwa umepotea. Akirudia 400 zake usiku wa tatu anaweza kuanguka presha na asiamke, kwa hiyo huanzishwa upya kwa 12.5, hata kama alikuwa nayo miaka mitano. Wengi hawaambiwi hili. Wanatafuta vidonge mtaani, wakivipata wanameza kama kawaida. Na anayekatishwa ghafla anaweza kurudiwa na ugonjwa ndani ya siku chache, kwa ukali kuliko wa mwanzo, pamoja na kutapika, kuhara na jasho jingi ambavyo zahanati itaviita malaria. Kituo kisichoweza kuweka akiba ya miezi mitatu kwa kila mgonjwa wake kisimwanzishie mtu mpya. Na kilichobakiwa na vidonge vya wiki mbili bila tarehe ya mzigo mwingine kiwapigie simu leo wagonjwa wote na kituo cha jirani, kitafute cha kuazima. Kikikosa, kuteremsha dozi kuanze kesho asubuhi, wakati vidonge vya kuteremshia bado vipo.